Domeni huku, hostingi kule: ubadilishe seva za majina au uguse rekodi ya A tu?

Umenunua domeni ya .co.tz kwa msajili mmoja hapa Dar, ukalipa kwa simu, risiti unayo. Baadaye umepata hostingi kwa kampuni nyingine, na seva yenyewe huenda iko Nairobi au Ujerumani. Vitu hivi viwili bado havijuani. Ukiandika jina lako kwenye simu, unafunguka ukurasa mtupu wa msajili. Unawapigia watu wa hostingi, wanakuambia, "Badilisha seva za majina." Unampigia kijana anayekutengenezea tovuti, anakuambia, "Hapana, weka rekodi ya A tu, inatosha."

Wote wawili wamekwambia kweli. Tovuti itafunguka kwa njia yoyote kati ya hizo. Kinachozitofautisha ni barua pepe na kila kitu kingine kinachotumia jina hilo, kwa hiyo kabla hujagusa chochote jiulize: nani nataka anishikie daftari?

Daftari la mjumbe

Wateja wangu huwa nawaeleza hivi. Hostingi ni fremu, chumba ulichopanga ukaweka bidhaa zako. Domeni ni jina la duka: fremu utahama, jina ni lako ilimradi unalilipia kila mwaka. Barua pepe ni kama S.L.P., ambayo inaweza kuwa Posta mjini hata kama duka liko Mbagala. Seva za majina ni mjumbe wa nyumba kumi. Yeye ndiye mwenye daftari linaloonyesha duka la fulani liko fremu ipi, barua zake zinapelekwa wapi, na ofisi ya mahesabu iko mtaa gani. Mgeni yeyote akitaka kukufikia anaanzia kwake.

Zamani hapakuwa na wajumbe. Orodha nzima ya kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ilikuwa faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa Stanford Research Institute kule California, na kila aliyetaka kujua nani yuko wapi aliipakua. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni DNS, mfumo unaoligawa daftari hilo ili kila jina liwe na mtunzaji wake. Kwa sababu hiyo leo jina linaweza kukaa kwa kampuni moja, daftari kwa nyingine, tovuti kwa ya tatu na barua pepe kwa ya nne, na mambo yakaenda vizuri.

Hebu tulifungue daftari moja la kawaida la biashara ndogo. Namba na jina ni za mfano:

jinalako.co.tz – A – 203.0.113.10
www – CNAME – jinalako.co.tz
mail – A – 198.51.100.25
jinalako.co.tz – MX 10 – mail.jinalako.co.tz
jinalako.co.tz – TXT – v=spf1 ip4:198.51.100.25 ~all
hesabu – A – 192.0.2.77

Mistari ni sita. Wa kwanza unasema tovuti iko wapi; ndiyo rekodi ya A tunayoizungumzia, inayolipa jina namba ya seva (IP). Wa pili, CNAME, unasema anayeandika www apelekwe hapohapo. Wa tatu na wa nne ni njia ya barua pepe, MX ikitaja seva inayozipokea. Wa tano, uitwao SPF, ni tamko kwamba seva ile tu ndiyo yenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lako. Wa sita ni mfumo wa mahesabu ambao mhasibu huufungua kila asubuhi, nao uko kwenye seva nyingine kabisa.

Ukifuata njia ya rekodi ya A, unabaki na mjumbe uleule na unabadilisha mstari wa kwanza peke yake. Mitano iliyobaki haiguswi.

Ukibadilisha seva za majina, umembadilisha mjumbe. Kwenye paneli ya msajili unafuta majina mawili ya zamani na kuandika mawili uliyopewa na kampuni ya hostingi. Tangu hapo daftari la zamani halisomwi tena na mtu. Mjumbe mpya anakuja na daftari lake, na humo ameandika anachokijua yeye: tovuti iko kwangu, barua pepe ziko kwangu. Habari za seva ya barua ya zamani hana. Mfumo wa mahesabu hajawahi kuusikia.

Barua pepe ndizo huumia kwanza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona watu wakipoteza pesa.

Dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Nungwi alinipigia Jumatatu asubuhi. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amenunua hostingi mpya, akasoma barua ya kumkaribisha, akabadilisha seva za majina kama alivyoelekezwa. Jumamosi tovuti ikafunguka, picha za baharini zikapendeza. "Kaka, tovuti nzuri sana," aliniambia, "lakini tangu Jumamosi sijapata barua hata moja. Na huu ndio msimu."

Barua pepe zake hazikuwa kwenye hostingi, ya zamani wala mpya. Alikuwa anailipia kampuni nyingine ya barua pepe, huduma ileile anayoitumia kwenye simu. Mjumbe mpya hakuandikiwa hilo. Kila mgeni aliyeuliza chumba, barua yake ilipelekwa kwenye seva ya hostingi, ambako hakuna sanduku la jina lake, na seva ikairudisha kwa mtumaji ikisema mtu huyo hayupo. Nilijua hivyo kwa sababu mgeni mmoja alimtumia WhatsApp picha ya skrini ya barua iliyorudi: 550, No Such User Here. Huyo mmoja alijisumbua kutafuta namba ya simu. Wangapi waliandika, wakaona imerudi, wakaenda nyumba ya jirani, hatutajua.

Tuliandika upya rekodi za MX kwenye daftari jipya, tukaandika SPF, tukanakili ufunguo wa DKIM, yaani saini inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, na jioni barua zikaanza kuingia. Hakuna aliyemdanganya. Maelekezo aliyopewa yalimfaa mtu anayeanza upya, asiye na barua pepe mahali pengine, na yeye hakuwa mtu huyo.

Kwa hiyo kama barua pepe zako ziko Google Workspace, Microsoft 365, Zoho au kampuni yoyote iliyo tofauti na hostingi, rekodi ya A ndiyo salama zaidi kwako. Unahamisha fremu, S.L.P. inabaki pale pale.

Lakini rekodi ya A nayo ina mitego yake miwili, na yote inahusu barua.

Wa kwanza unamhusu mtu ambaye barua zake ziko kwenye hostingi ya zamani na anataka zibaki huko, ahamishe tovuti tu. Tazama rekodi yako ya MX imeelekezwa wapi. Hostingi nyingi zinazotumia cPanel (paneli ya kuendeshea hostingi) huandika MX kwenda kwenye jina tupu la domeni, yaani jinalako.co.tz, bila mail mbele. Jina hilohilo tupu ndilo unalolibadilishia rekodi ya A. Ukilihamisha, barua zinalifuata. Hata ile mail.jinalako.co.tz mara nyingi ni CNAME inayorudi kwenye jina tupu. Kwa hiyo kabla ya yote andika rekodi ya A ya mail yenye namba ya seva ya zamani, elekeza MX kwenye mail hiyo, tuma barua ya kujaribu, ndipo uguse mstari wa tovuti.

Mtego wa pili ni wa kimyakimya, na unawapata watu wa njia zote mbili. Ukiongeza domeni kwenye hostingi mpya, seva ile inaweza kudhani kwamba barua za domeni hiyo ni zake. Fomu ya mawasiliano ya tovuti ikituma barua kwenda info@jinalako.co.tz, seva haisumbuki kuangalia MX, inaiweka hapohapo ndani. Mteja anaona "ujumbe umetumwa" na wewe huoni kitu. Kwenye cPanel ingia sehemu ya Email Routing, chagua Remote Mail Exchanger. Halafu jaza fomu yako mwenyewe uone kama barua inafika. Nimekuta tovuti zilizokaa na hitilafu hii miezi mingi, na mwenye tovuti akiamini kwamba wateja hawana haja naye.

Muda wa kusambaa, na njia ya kurudi

Kila mtu huambiwa asubiri saa 24 hadi 48. Kauli hiyo ina chanzo chake, na ukikijua utaona tofauti kubwa kati ya njia hizi mbili.

Kila jibu la DNS huja na TTL, idadi ya sekunde ambazo anayeuliza anaruhusiwa kulikumbuka jibu kabla ya kuuliza tena. Kwa rekodi ya A, TTL iko mikononi mwako. Nyingi huanza na 14400, ambayo ni saa nne, au 3600, saa moja. Siku moja kabla ya kuhama ishushe iwe 300. Siku ya kuhama, dunia karibu yote itakuwa imefika kwenye seva mpya ndani ya dakika tano. Ukiona mambo yameharibika unarudisha namba ya zamani, na dakika tano baadaye umerudi ulikokuwa.

TTL ya seva za majina huwezi kuishusha wewe. Majina hayo yanatangazwa na rejista iliyo juu ya msajili wako: kwa .com ni Verisign, kwa .ke ni KeNIC, na .tz ina rejista yake hapa nyumbani. Kwa .com TTL hiyo ni sekunde 172800, na ukizigawa ni saa 48 kamili. Wapo watakaoona mjumbe mpya dakika hiyohiyo, wapo watakaoendelea kumuuliza wa zamani hadi keshokutwa. Ukigundua kosa ukataka kurudi, unaanza kusubiri upya.

Njia ya kulainisha jambo hilo ipo, na ningependa kila mtu aijue. Usibadilishe seva za majina kabla ya kunakili mistari yote ya daftari la zamani kwenye daftari jipya. Madaftari yakishafanana neno kwa neno, hata watu wakigawanyika kwa siku mbili, majibu ni yaleyale. Badilisha mjumbe kwanza, daftari likiwa halijabadilika. Siku kadhaa baadaye, ukishatulia, ndipo ubadilishe mstari wa tovuti. Inachukua wiki badala ya mchana mmoja, lakini hakuna barua inayopotea.

Kwa upande huu rekodi ya A inashinda waziwazi.

Namba ya seva ikibadilika

Hapa mizani inageuka. Ukiandika 203.0.113.10 kwa mkono wako, umeandika namba ya nyumba. Kampuni ya hostingi ikihamishia wateja kwenye seva mpya, namba inabadilika. Waliotumia seva za majina za kampuni hawatajua hata kama kulikuwa na kuhama, kwa sababu kampuni hurekebisha daftari lake yenyewe. Wewe uliyebaki na daftari lako unatumiwa barua moja ya tahadhari, na kama ilienda kwenye anwani usiyoifungua, utajua siku tovuti imezima.

CNAME ingesaidia, kwa sababu yenyewe inaelekeza kwenye jina badala ya namba, na jina linaweza kubadilishiwa namba nyuma ya pazia. Ila kanuni za DNS haziruhusu CNAME kwenye jina tupu la domeni, maana mahali hapo lazima pawe na rekodi nyingine kama NS na SOA, zinazomtambulisha mjumbe na daftari lake, na CNAME haikubali kukaa na mwenzake. Inafaa kwa www na majina mengine ya mbele. Blogger wanataka www ielekezwe ghs.google.com. Shopify wanataka www iende shops.myshopify.com, na jina tupu lipewe rekodi ya A yenye 23.227.38.65. GitHub Pages wao wanatoa namba nne kwa jina tupu, kuanzia 185.199.108.153 hadi 185.199.111.153. Ukiwa na huduma za namna hii, swali letu limeshajibiwa na mwenye huduma: rekodi, bila kugusa seva za majina.

Kufuli kwenye kivinjari

Cheti cha SSL, kile kinacholeta kufuli na HTTPS, hutolewa baada ya mtoaji kuhakikisha kwamba jina kweli limefika kwenye seva inayoomba. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo vimezoeleka kuwa vya siku 90, huhakikiwa kwa kufungua faili ndogo kwenye tovuti yako. Hilo linawezekana kwa njia zote mbili. Tofauti inajitokeza ukitaka cheti cha nyota, kinachofunika kila jina la mbele kwa mpigo. Hicho huhakikiwa kwa rekodi ya TXT inayoandikwa kwenye daftari kila cheti kinapohuishwa. Kama daftari liko kwa kampuni ya hostingi, inajiandikia yenyewe. Kama liko kwako, utaiandika kwa mkono kila mara, au utafute mjumbe anayeruhusu programu iandike kwa niaba yako. Duka au shule haihitaji cheti cha nyota, kwa hiyo hili lisikunyime usingizi.

Kinachonyima usingizi ni rekodi ya AAAA iliyosahaulika. Hiyo ni namba ya IPv6 ya seva, yaani namba ya mfumo mpya, mrefu zaidi ya ile ya A. Watu hubadilisha A, hawaoni kwamba chini yake kuna AAAA ambayo bado inaonyesha seva ya zamani. Matokeo yake yanachanganya: wewe ofisini unaona tovuti mpya, mteja aliye kwenye mtandao wenye IPv6 anaona ya zamani, na cheti kinagoma kutoka kwa sababu Let's Encrypt ikikuta AAAA huanza na hiyo. Kama seva mpya haina IPv6, futa mstari huo. Kama inayo, uandike upya.

Njia ya tatu: mjumbe wa kujitegemea

Wapo wasajili ambao paneli zao hazina mahali pa kuandika rekodi. Utakuta visanduku viwili vya seva za majina, basi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "weka rekodi ya A" anazunguka paneli nzima bila kuipata, na kosa si lake.

Dawa ni kumpa daftari mtu wa tatu, ambaye hakukuuzia domeni wala hostingi. Wengi hutumia Cloudflare, kwa kuwa huduma yake ya DNS ni ya bure. Unabadilisha seva za majina mara moja tu, kuelekea kwao, na kuanzia hapo kila kuhama ni kubadilisha mstari. Hostingi ikikuchosha unaondoka, daftari linabaki. Zaidi ya hayo wanayo hila ya kukuruhusu uandike CNAME hata kwenye jina tupu, wakiigeuza kuwa namba wakati wa kujibu.

Ukiifuata njia hii, kuna mambo matatu ya kuangalia kwa macho yako. Wakati wa kujisajili watajaribu kusoma daftari lako la zamani na kukunakilia, lakini hawawezi kukisia majina yote, na ufunguo wa DKIM mara nyingi huachwa. Linganisha mstari kwa mstari. Pili, wingu la rangi ya chungwa lililo pembeni ya rekodi maana yake wageni wanapitia kwao kwanza, na hilo ni kwa tovuti; rekodi ya mail ipe wingu la kijivu, la sivyo simu yako haitaweza kuvuta barua. Tatu, mpangilio wa SSL ukiwa Flexible (wao wakifika kwenye seva yako bila HTTPS) huku seva yako ikilazimisha HTTPS, kurasa zitazunguka bila kufika na kivinjari kitalalamika kwamba imeelekezwa mara nyingi mno. Weka cheti kwenye seva yako, kisha chagua Full (strict).

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa biashara yenye mtu wa kompyuta, hata kama ni kijana anayekuja mara moja kwa mwezi. Kwa mtu aliye peke yake kabisa ni mlango mmoja zaidi wa kukumbuka nenosiri lake.

Visivyohitajika

Kuna wanaoambiwa kwamba lazima wahamishe domeni yenyewe kutoka kwa msajili kwenda kwenye kampuni ya hostingi. Si lazima. Kuhamisha usajili ni jambo jingine kabisa: linahitaji msimbo wa ruhusa, kwa .com linakulipisha mwaka mmoja wa ziada, na domeni iliyosajiliwa au kuhamishwa karibuni kwa kawaida hufungiwa siku 60. Tena kuwa na jina na fremu kwa watu tofauti kuna faida. Mkigombana na mwenye fremu, jina liko mfukoni mwako.

Na tafadhali, hakikisha jina hilo limesajiliwa kwako, kwa barua pepe unayoifungua mwenyewe. Nimeona biashara zikiomba ruhusa kwa fundi aliyeondoka miaka iliyopita, kwa sababu domeni iliandikwa jina lake. Na usitumie anwani ya domeni hiyohiyo kama anwani ya usajili. Ikizima, hata barua ya kukuambia imezima haitakufikia.

Kuelekeza domeni, ile huduma ya msajili ya kumtupa mgeni kwenye anwani nyingine, ni ya kurasa za Facebook na mambo madogo. Kwa tovuti kamili iache.

Basi uchague ipi

Kama unaanza upya, huna barua pepe yoyote kwenye jina hilo, na unataka tovuti na barua vyote vikae kwenye hostingi moja, badilisha seva za majina bila wasiwasi. SPF na DKIM zitaandikwa zenyewe. Hilo si dogo, kwani ufunguo wa DKIM wa biti 2048 unazidi herufi 255 zinazoruhusiwa kwenye kipande kimoja cha TXT, na paneli nyingine huukataa ukiubandika kwa mkono bila kuukata.

Kama barua pepe zinafanya kazi mahali pengine, au kuna jina la mbele kama hesabu, portal au mfumo unaotumiwa na wengine, gusa rekodi ya A tu, na ya www kama ina namba yake yenyewe. Shule za .sc.tz zenye mfumo wa matokeo ziko kundi hili karibu zote, hata kama aliyetengeneza tovuti mpya hajui.

Kama msajili hana pa kuandika rekodi, au umeshahama hostingi mara mbili na unahisi utahama tena, mjumbe wa kujitegemea.

Na kama umeshawasha DNSSEC, ulinzi unaotia saini majibu ya daftari, kuna hatua ambayo huwezi kuiruka ukibadilisha seva za majina, iwe kuelekea kwenye hostingi au kwa mtu wa tatu. Ondoa kwanza rekodi ya DS, inayotambulisha ufunguo wa saini hiyo, kwa msajili na usubiri muda wake uishe. Usipoiondoa, seva zinazohakiki saini, mojawapo ikiwa ile ya Google ya 8.8.8.8, zitaona majibu ya mjumbe mpya hayana saini inayotambulika, na zitakataa kuyatoa. Kwa watumiaji wake jina lako litakuwa kama halipo. Njia ya rekodi ya A haina shida hiyo.

Siku yenyewe

Kwa njia yoyote utakayochagua, anza kwa kuongeza domeni kwenye paneli ya hostingi mpya. Seva moja hubeba mamia ya tovuti kwa namba moja ya IP, na hujua ya nani ifunguliwe kwa kusoma jina lililoombwa. Usipoliandikisha, utafika kwenye seva sahihi na kukuta ukurasa wa kigeni, ukadhani DNS ndiyo mbovu.

Piga picha ya skrini ya daftari lote la zamani kabla hujafuta chochote. Kisha jaribu tovuti kabla ya dunia kuiona: kwenye Windows fungua faili la hosts lililo C:\Windows\System32\drivers\etc, andika namba ya seva mpya na jina lako kando yake, hifadhi, fungua kivinjari. Kompyuta yako peke yake itaenda kwenye seva mpya. Ukishamaliza futa mstari huo, maana ukiusahau utakuja kuhangaika siku nyingine ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Usifanye Ijumaa. Fanya Jumanne asubuhi, wakati huduma kwa wateja za pande zote zinapokea simu.

Baada ya kubadilisha, usiamini kivinjari, kina kumbukumbu zake. Fungua dirisha la amri, andika nslookup jinalako.co.tz 8.8.8.8 uone namba inayorudi. Halafu nslookup -type=mx jinalako.co.tz 8.8.8.8, uhakikishe MX ni ileile iliyo kwenye picha yako ya skrini. Jitumie barua kutoka Gmail, uijibu, na ukiwa Gmail fungua sehemu ya kuonyesha barua asili uone kama SPF na DKIM zimeandikwa PASS.

Hostingi ya zamani usiifunge wiki hiyo. Kama barua zako zilikuwa huko, bado kuna nyingine zitaangukia kwenye sanduku la zamani kwa siku mbili tatu, na zile za miaka iliyopita haziji zenyewe kwenye seva mpya: zivute kwa IMAP (njia ya programu ya barua kusoma sanduku lililo kwenye seva), folda kwa folda, pamoja na ile ya zilizotumwa, kisha hesabu idadi pande zote mbili kabla hujaomba akaunti ifutwe.